Muamala wa Mzizi na Majirani Zake

Mkulima atiaye mbolea ya kukuzia kandoni mwa mahindi yake hudhani kwamba analisha mimea tu, na ni kweli kwamba mimea hiyo hula. Walakini kabla mbolea haijaifikia mizizi, hupita katikati ya halaiki ya viumbe wasioonekana kwa macho, ambao baadhi yao hunawiri kwa kuipata, baadhi hudhoofika, na baadhi hugeuka tabia kwa namna inayodumu hata baada ya mavuno kuingia ghalani. Sura hii inakusudia kueleza mambo yanayowapata viumbe hao pindi nitrojeni ya kiwandani inapomiminwa katika maskani yao, na kueleza kwa nini mambo hayo yamhusu kila mtu alaye ugali, wali au maharage. Haikusudii kuitusi mbolea, kwa kuwa mamilioni ya watu wako hai leo kwa baraka zake. Wala haikusudii kuitukuza kupita haki yake. Inakusudia kuupima uhusiano wa kale, uliokuwapo ardhini kabla ya jembe la kwanza kufuliwa, na kuuliza ni kwa kiasi gani mkono wa mwanadamu waweza kuuingilia bila ya kuuvunja.

Mwaka 1904 mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Lorenz Hiltner aliupa jina la rizosfia ukanda mwembamba wa udongo unaouzunguka mzizi, ambao upana wake aghalabu ni wa milimita chache tu, naye akashika kwamba afya ya mmea hutegemea sana viumbe wakaao ndani yake. Elimu iliyofuata imemthibitisha. Katika udongo ulio mbali na mizizi bakteria na kuvu huishi maisha ya dhiki, wakingoja jani lioze au mdudu afe ili wapate chakula; bali katika ukanda wa mzizi huishi kwa wingi na kwa shibe, maadamu mzizi hautulii bila ya kutoa. Hutoa sukari, hutoa asidi za namna nyingi, hutoa ute, na huziacha seli za ncha yake zikimong'onyoka kila unaposonga mbele katika udongo. Mali hiyo yote hufanyizwa na majani kwa nuru ya jua, na mtu aweza kustaajabu kwa nini mmea, ambao hauna ziada ya kuchezea, utawanye nje riziki iliyochumwa kwa taabu hiyo. Jibu ni kwamba mmea unanunua. Kwa sukari yake hununua huduma ambazo mizizi peke yake haiwezi kujifanyia, na soko la huduma hizo ndilo rizosfia.

Wauzaji wakubwa katika soko hilo ni wa makundi matatu. Kundi la kwanza ni bakteria waitwao rizobia, washirika wa mikunde, yaani maharage, kunde, choroko, mbaazi, karanga, njugu mawe, soya na jamaa zake. Hewa tuivutayo ina nitrojeni kiasi cha sehemu 78 katika kila sehemu 100, lakini nitrojeni hiyo imefungamana kwa nguvu ambayo hakuna mmea uwezao kuivunja, hata mmea huweza kufa kwa njaa ya kitu kinachoyazunguka majani yake usiku na mchana. Viwanda vilivyotokana na maarifa ya Fritz Haber na Carl Bosch, ambavyo cha kwanza kilianza kazi huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, hukivunja kifungo hicho kwa joto la digrii zipatazo 400 na zaidi na kwa kanieneo kubwa mno. Rizobia hukivunja katika ubaridi wa udongo, ndani ya vinundu vidogo vinavyoota katika mizizi. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel, aliyefanya kazi na mwenzake Hermann Wilfarth, aliutangazia ulimwengu kuwa mikunde hupata nitrojeni ya hewa kwa msaada wa vinundu hivyo, na mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Kundi la pili ni kuvu wa mizizi, waitwao mikoriza, jina walilopewa na Albert Bernhard Frank mwaka 1885. Hawa huingia katika mzizi kwa upande mmoja na kwa upande wa pili hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo hupenya katika nafasi ambamo mzizi hauwezi kupenya, zikaleta fosforasi, zinki na maji. Ushirika wao na mimea ni wa dahari: katika mawe ya Rhynie, nchini Uskoti, yamehifadhiwa masalio ya mimea ya miaka milioni 400 hivi iliyopita, na ndani ya mimea hiyo imo alama ya kuvu wa namna hiyo hiyo. Kundi la tatu ni mchanganyiko wa bakteria na kuvu walio huru, ambao baadhi yao hulainisha madini, baadhi hutoa viamshi vinavyorefusha mizizi, na baadhi huilinda mizizi hiyo kwa kuwazuia wale wanaoiozesha.

Muamala huu una kanuni zake, na kanuni hizo hazitegemei huruma. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake huko California walikuza soya katika hewa ambayo nitrojeni yake imeondolewa na gesi ya agoni kuwekwa mahali pake, hata rizobia waliomo vinunduni wakawa hawawezi kutoa huduma waliyokuwa wakilipwa kwayo, ijapokuwa hawakuwa na hatia. Mimea haikuwavumilia: iliwapunguzia upataji wa oksijeni ndani ya vinundu, nao wakazaana kiasi cha nusu tu ya wenzao walioendelea kufanya kazi. Mwaka 2011 Kiers na wenzake wengine wakaonyesha kuwa na baina ya mimea na mikoriza mambo ni hivyo hivyo, kwani mmea humpa sukari zaidi kuvu aletaye fosforasi zaidi, na kuvu naye humzidishia fosforasi mzizi umlipao vizuri. Basi msomaji akishaifahamu kanuni hii, kwamba kila upande hulipa kwa kadiri ya unachopata, ataweza kuyakisia mengi yatakayotokea siku nitrojeni inapoletwa kutoka nje bila ya malipo.

La kwanza kutokea ni kwamba mmea huacha kununua. Mkunde wenye njaa ya nitrojeni hutoa katika mizizi yake viashiria viitwavyo flavonoidi, ambavyo rizobia huvitambua na kuvijibu kwa ishara yao wenyewe. Kisha unywele wa mzizi hujikunja, bakteria huingia, na kinundu huanza kujengwa. Udongo ukijaa naitreti, yaani nitrojeni katika umbo ambalo mizizi huinyonya, mazungumzo haya hupungua tangu mwanzo: nywele za mizizi hazijikunji kama ilivyo desturi, vinundu huwa vichache na vidogo, na hata vile vilivyokwisha kujengwa hulegea katika kazi. Ithibati yake yaonekana kwa macho matupu. Kinundu kifanyacho kazi kikipasuliwa kwa ukucha huwa na wekundu ndani, ambao hutokana na protini iliyo ya aila moja na ile inayoitia damu yetu wekundu, na kazi yake ni kuitunza oksijeni isije ikaharibu kimeng'enya kinachovunja nitrojeni. Kinundu kilichoacha kazi huwa na rangi ya kijani au ya kijivu. Kumiminia mbolea ya yurea shamba la kunde au la soya, ambayo ingeweza kujipatia hewani sehemu kubwa ya mahitaji yake, ni kutumia fedha ili kuizuia ardhi isitoe ilichokuwa tayari kukitoa bure. Maharage ya kawaida ni dhaifu kidogo katika jambo hili, na katika udongo uliochoka sana kiasi kidogo cha nitrojeni wakati wa kupanda huweza kuyafaa kabla vinundu havijakomaa. Lakini kidogo ni kidogo, na wengi huuvuka mpaka huo bila ya kujua.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu halimalizikii katika msimu mmoja. Katika kituo cha utafiti cha Kellogg, jimboni Michigan nchini Marekani, palikuwa na viwanja vilivyotiwa nitrojeni kwa muda wa miaka 22, na kando yake viwanja vingine visivyotiwa. Wataalamu, miongoni mwao Jennifer Lau na Katy Heath, waliwachukua rizobia kutoka viwanja vya namna zote mbili, wakawaunganisha na mimea ya klova, ambayo nayo ni mikunde, iliyokuzwa katika hali sawa, na mwaka 2015 wakatangaza waliyoyaona: klova iliyopewa rizobia wa viwanja vya mbolea ilikua vibaya kuliko ile iliyopewa rizobia wa viwanja vingine. Bakteria hawakuwa wametoweka. Walikuwapo, lakini walikuwa wamegeuka kuwa washirika hafifu, wenye kupokea sukari na kutoa kidogo. Sababu yakaribia kuwa dhahiri kwa aliyeifahamu kanuni ya muamala: mahali ambapo mmea hauhitaji nitrojeni ya vinundu, bakteria hodari na bakteria mvivu hawatofautiani tena kwa thamani, na yule anayejitumikia mwenyewe huzaa sawa na mwenziwe au kumpita. Kizazi baada ya kizazi, na vizazi vya bakteria ni vifupi, uhodari huo hufifia. Hivyo mkulima ambaye baadaye atapenda kupunguza mbolea na kurudia mikunde huenda akakuta kwamba ardhi yake haina tena wale majirani aliowategemea.

Kwa upande wa kuvu wa mizizi, Kathleen Treseder alizikusanya tafiti nyingi zilizofanywa mahali mbalimbali, na mwaka 2004 akaonyesha kwamba nitrojeni iliyoongezwa ilipunguza wingi wa mikoriza kwa wastani wa asilimia 15, na fosforasi ikaupunguza kwa asilimia 32. Fosforasi yashinda kwa kuwa ndiyo bidhaa kuu ya kuvu hawa, na mzizi ulioipata kwa wingi karibu yake hauna haja ya kuagiza kutoka mbali. Walakini hapa pana jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki wanapaswa kulijua kuliko wengine wote. Mzizi wenye njaa huwaita kuvu hao kwa kemikali ziitwazo strigolaktoni, kama Kohki Akiyama na wenzake wa Japani walivyobainisha mwaka 2005. Kemikali hizo hizo husikiwa pia na adui: mbegu za kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linaloyanyonya mahindi, mtama na ulezi katika mashamba ya Kanda ya Ziwa, Nyanza na kwingineko, hulala udongoni kwa miaka mingi zikingoja wito huo, na huota zikishausikia. Mimea iliyopatiwa nitrojeni na fosforasi huita kwa sauti ndogo, na kwa hiyo kiduha hupungua katika shamba lenye rutuba. Basi mbolea iyo hiyo inayowanyamazisha marafiki humnyima adui njia, na mwenye insafu hawezi kuitaja hasara akaificha faida.

La tatu halihusu muamala wenyewe bali nyumba unamofanyikia. Yurea ikiingia katika udongo huvunjwa na vimeng'enya vya viumbe vidogo ikawa amonia. Kisha bakteria maalumu, ambao Sergei Winogradsky aliwatenga karibu na mwaka 1890, huigeuza amonia hiyo kuwa naitreti, na katika kuigeuza huacha asidi udongoni. Kundi hili hufurahia mbolea kuliko makundi yote, nalo huongezeka haraka pindi linapoipata. Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, huleta asidi nyingi zaidi kwa kila kilo ya nitrojeni, na CAN, kwa kuwa ina chokaa ndani yake, huleta kidogo. Ushahidi mkubwa kabisa wa jambo hili uko Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya malisho yaitwayo Park Grass, yaliyoanzishwa na John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert mwaka 1856, yangali yakiendelea: viwanja vilivyotiwa salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka bila ya chokaa vimekuwa vikali kwa asidi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ikashuka chini ya 4, minyoo ikatoweka, majani makavu yakajilundika juu ya ardhi bila ya kuoza, na nyasi za namna chache tu zikabaki mahali palipokuwa na aina nyingi. Viwanja jirani vilivyopewa nitrojeni ya namna ya naitreti ya sodiamu havikufikwa na masaibu hayo. Kwetu pia dalili zipo. Katika mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, ambako mbolea ya DAP, ambayo nayo ina amonia, imetumika kwa miongo mingi, uchachu wa udongo umekuwa jambo la kuzungumzwa waziwazi, na wakulima wamehimizwa kutia chokaa ya kilimo. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 alumini huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi, na rizobia wengi hushindwa kuhimili hali hiyo hata kabla mimea yenyewe haijaonyesha dalili ya ugonjwa.

Naitreti iliyozidi nayo haina utulivu. Mvua huishusha chini ya upeo wa mizizi hadi visimani na mitoni. Na mahali palipojaa maji bakteria wengine huivuta na kuirudisha hewani, sehemu yake ikiwa gesi ya naitrasi oksidi, ambayo uzito kwa uzito huipasha dunia joto kupita kaboni dioksidi zaidi ya mara 250 katika muda wa miaka 100.

Baada ya kuyasema haya ni wajibu kuyapima, kwa maana mtu asomaye hofu tupu aweza kuitupa mbolea na kubaki na njaa. Mwaka 2014 Daniel Geisseler na Kate Scow wa California waliyatazama majaribio 64 ya muda mrefu ya mazao ya shamba, wakaona kwamba mahali palipotiwa mbolea ya madini wingi wa viumbe vidogo udongoni ulizidi kwa wastani wa asilimia 15 ule wa mahali pasipotiwa kitu. Sababu ni nyepesi: zao lililostawi lina mizizi mingi, mabua mengi na majani mengi, na hayo yote ndiyo chakula cha udongo. Ongezeko hilo lilionekana pale ambapo pH ilikuwa juu zaidi, na pale iliposhuka chini ya 5 viumbe walielekea kupungua badala ya kuongezeka. Maana yake ni kwamba mbolea haiui udongo kwa asili yake. Huudhuru ikitumika pasipo kiasi, pasipo mabaki ya viumbe hai, na pasipo kujali uchachu.

Hapa Afrika mizani hiyo inaelemea upande mwingine kuliko Ulaya au Uchina. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja, matumizi ya mbolea barani yalikuwa kiasi cha kilo 8 za virutubishi kwa hekta, nao wakaazimia kuyafikisha kilo 50 ifikapo 2015, azimio ambalo kwa jumla halikutimia. Mkulima wa Songea au Kitale avunaye mahindi kila mwaka bila ya kurudisha chochote anawadhoofisha viumbe wa udongo sawa na yule azidishaye yurea, kwa kuwa anawanyima chakula. Jaribio la Kabete, karibu na Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1976 kwa mahindi na maharage, laonyesha njia iliyo salama: mboji asilia ya udongo ilipungua katika viwanja vyote, hata vile vilivyotiwa mbolea ya kiwandani peke yake, na ilipungua polepole zaidi pale ambapo samadi na mabua vilirudishwa, na mavuno bora yalipatikana mahali samadi na mbolea ya kiwandani vilipotumiwa pamoja.

Kwa hiyo tadbiri ya kuyatunza mambo haya haiko mbali na mkono wa mkulima. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni; ukigawanywa mara mbili au tatu kwa kufuata haja ya zao, na ukafukiwa badala ya kutupwa juu, mizizi huupata kabla ya mvua na hewa, na viumbe wa ukanda wa mzizi hawafurikwi kwa siku moja. Samadi na mboji huwalisha wale ambao yurea haiwalishi. Chokaa huirudisha nyumba katika hali ya kukalika. Mikunde, ikipandwa kwa zamu au kwa kuchanganywa na nafaka, huirudishia sukari thamani yake katika soko la mizizi, hata rizobia hodari wapate tena sababu ya kuwa hodari. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi kulitengenezwa unga wa rizobia hai uitwao Biofix, ambao hupakwa mbegu kabla ya kupandwa. Na huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, Zeyaur Khan na wenzake wa taasisi ya ICIPE walifundisha mbinu ya sukuma-vuta, ambamo desmodiamu iliyo mkunde hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, ikaongeza nitrojeni na ikazuia kiduha kwa pamoja.

Mfano mkubwa kuliko yote umetoka Brazil. Bi Johanna Döbereiner, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyehamia nchi hiyo, alishikilia tangu miaka ya 1960 kwamba soya ya Brazil ichaguliwe na kuzalishwa bila ya mbolea ya nitrojeni, ili zipatikane mbegu zijuazo kushirikiana na rizobia, wakati ambapo wengi waliona kufuata mfano wa nchi tajiri ndiko busara. Rai yake ikafuatwa, na leo nchi hiyo, iliyo miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa soya duniani, huilima karibu bila ya nitrojeni ya kiwandani. Ushindi huo haukupatikana kwa kuichukia mbolea, bali kwa kuchagua kwa makusudi ni zao gani linaihitaji na ni zao gani linaharibiwa kwayo.

Uchaguzi wa namna hiyo ndio utupasao sisi pia. Ruzuku ya mbolea ni neema, lakini mfuko ukigawiwa bila ya kipimo cha udongo, bila ya chokaa na bila ya mbegu za mikunde, serikali inanunua mavuno ya mwaka huu kwa amana ya miaka ijayo. Afisa ugani aliyefundishwa kuhesabu mifuko afundishwe pia kung'oa mche wa maharage na kuvipasua vinundu vyake mbele ya wakulima, kwa maana hapo ndipo mtu hujua ardhi yake ingali inafanya kazi au imezoea kulishwa tu. Na kila mwenye shamba, mdogo kwa mkubwa, aipime mbolea yake kwa maswali mawili yasiyotenganishwa: imeniongezea magunia mangapi, na imewaacha majirani wa mizizi katika hali gani ya kunisaidia mwakani.